Panga za Kichina: kwa nini nyingine zina makali na nyingine ni butu

Kila inapozunguka video ya mchezaji wa wushu, yaani sanaa za mapigano za Kichina, akirusha upanga hewani na kuudaka, ubishi huwa ule ule. Wapo wanaosema ule ni wembe, angekosea kidogo angeokota vidole chini. Wapo wanaosema lile ni bati tu, kwani upanga wa kweli haunesi vile wala hautoi mlio kama sufuria iliyoanguka. Ubishi huu hauishi leo wala kesho, maana wushu imepangwa kuwa mchezo wa medali katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, mashindano ya kwanza ya Olimpiki kuandaliwa katika ardhi ya Afrika.

Pande zote mbili zinabishania jambo moja: upanga ule ni wa kweli au ni bandia? Kwa maoni yangu swali hilo ndilo linalotupoteza. Katika sanaa za mapigano za Kichina, upanga mkali na upanga butu vyote ni vifaa vya kujifunzia, na hakuna hata kimoja kinachofundisha kila kitu. La kuuliza ni hili: upanga huu unamfundisha nini anayeushika, na unamficha nini?

Tuanze na majina. Wachina wana silaha nyingi, lakini zinazogombaniwa kwenye mazungumzo haya ni mbili. Ya kwanza ni jian, upanga ulionyooka, wenye makali pande zote mbili na ncha ya kuchomea, unaoshikwa kwa mkono mmoja. Huu ndio upanga wa wasomi na makuhani wa Kitao, na ndio wazee wanaofanya taichi, mazoezi ya mwendo wa polepole, alfajiri kwenye bustani za Beijing wanaoushika. Ya pili ni dao, ambayo nitaiita kitara: makali upande mmoja, mgongo mnene upande wa pili, na mara nyingi umbo lililopinda. Kitara kilikuwa silaha ya askari, na si ya zamani sana kama watu wanavyodhani. Mwaka 1933 askari wa Jeshi la 29 la China walipambana na Wajapani kwenye lango la Xifengkou, katika Ukuta Mkuu, wakiwa na vitara vikubwa vya kushikwa kwa mikono miwili. Vile vilikuwa vimenolewa.

Kwa aina zote mbili, vifaa vya mazoezi viko vya namna nne. Upo upanga wa mbao, unaotumiwa na wanaoanza na pia na wanaopigana wawili wawili. Upo wa chuma ambao makali yake hayajafunguliwa, yaani umefuliwa kwa umbo la upanga lakini ukingo umeachwa mnene na ncha imeviringwa. Upo wa bamba jembamba linalonesa na kulia, ambao ni wa jukwaani. Halafu upo ulionolewa kweli kweli. Video nyingi zinazozua ubishi zinaonyesha ule wa tatu, huku watazamaji wakibishana kana kwamba duniani upo wa pili na wa nne tu.

Makali hubadilisha nini?

Watu wengi hudhani upanga butu ukichukua tupa na kuusugua ukingo unakuwa mkali, basi yamekwisha. Sivyo. Ukali umo katika umbo zima la chuma. Panga za zamani zilizohifadhiwa zinaweza kuwa na unene wa milimita sita au saba karibu na mpini, kisha zikapungua hadi milimita mbili au tatu karibu na ncha. Ukitazama upande wa pili, chuma hicho hicho kinapungua tena kutoka katikati kwenda kwenye ukingo. Ndiyo maana upanga wa jian wenye urefu wa karibu mita moja, ukiweka na mpini, unaweza kuwa na uzito usiofika kilo moja na ukatulia mkononi kama kitu chepesi zaidi ya hapo.

Sasa fundi anayetengeneza upanga butu anakabiliwa na tatizo. Ukingo lazima auache na unene wa milimita moja au mbili ili usimkate mwenzako, na ncha lazima aiviringe ili isimchome. Chuma chote hicho cha ziada kiko mbele, mbali na mkono. Matokeo yake upanga unaelemea ncha, unachelewa kuanza kuzunguka na unachelewa kusimama. Fundi hodari hupunguza chuma mahali pengine ili kurudisha ulinganifu. Fundi wa bei rahisi hajisumbui. Kwa hiyo mtu aliyefanya mazoezi miaka kadhaa na upanga butu mzito, siku akishika mkali uliotengenezwa vizuri hushangaa kuona ncha inafika kabla hajaiita.

Hilo ni la uzito. La pili, na kwangu ndilo kubwa zaidi, ni mwelekeo wa makali. Yeyote aliyewahi kukata muwa kwa panga la shambani analijua bila kuambiwa. Panga likishuka limenyooka na njia ya mkono, muwa unakatika kwa pigo moja. Kiwiko kikiinama kidogo tu, panga linagonga ganda kwa ubavu, linaruka, na kiganja kinabaki kinawasha. Panga halikupoteza ukali kati ya pigo la kwanza na la pili. Kilichobadilika ni kwamba makali hayakuwa yanaelekea kule mkono ulikokuwa unaelekea. Upanga uko vivyo hivyo, tena ni mwembamba zaidi na unasamehe kidogo zaidi.

Ukiupunga upanga butu hewani, hewa haikwambii umekosea. Unaweza kurudia mkao mzuri na mzunguko mzuri kwa miaka huku makali yameinama nyuzi ishirini, na mwalimu aliyesimama pembeni asione. Vitara vyenye mfereji kwenye bapa husaidia kidogo: makali yakienda sawasawa hupiga mluzi mkali, yakiinama mluzi hufifia. Lakini mluzi peke yake hautoshi.

La tatu linaonekana pale silaha mbili zinapokutana. Panga mbili butu zikigongana huteleza. Chuma kinapita juu ya chuma na kila mmoja anaendelea na safari yake. Makali mawili yaliyonolewa yakikutana hung'atana. Kwa nukta ya muda zinashikana, na katika nukta hiyo mwenye mkono mwepesi anahisi nguvu ya mwenzake inaelekea wapi. Pia kila mgongano wa makali kwa makali huacha pengo kwenye chuma, na mapengo yakiwa mengi upanga umekufa. Ndiyo sababu mapokeo mengi ya upanga wa jian huugawa mara tatu: theluthi ya karibu na ncha ndiyo kali kuliko zote, ya kukatia na kuchomea, ya kati hufanya kazi zote kwa kiasi, na ya karibu na mpini huachwa nene, kwa ajili ya kupokea pigo la adui. Mwanafunzi anayefahamu upanga butu pekee huambiwa habari hii akaitikia kwa kichwa, kisha akaendelea kuzuia kwa makali ya mbele, kwa kuwa silaha yake haimtozi gharama yoyote.

La nne ni mwili wenyewe. Chukua mzunguko mmoja unaopatikana karibu katika kila mtindo wa kitara: mchezaji anainua mpini juu ya kichwa, ncha inaning'inia nyuma, chuma kinazunguka bega la kushoto, kinapita mgongoni na kutokea bega la kulia. Katika mzunguko huo mgongo wa kitara, ule upande usio na makali, ndio unaokaa karibu na nguo. Kwa kitara butu ukigeuza kifundo cha mkono na makali yakapita upande wa mwilini, hakuna kinachotokea, na mtu anaweza kukosea hivyo kila siku bila kujua. Kwa kitara kikali kosa hilo linapasua shati, na shati ndilo la bahati. Hapo ndipo mtu huelewa kwa nini mzunguko ulitengenezwa vile, kwa nini kiwiko kinainuliwa pale, na kwa nini mkono wa kushoto unaondoka njiani kabla chuma hakijafika.

Basi kwa nini wasifanye mazoezi na vikali tu?

Kwa sababu huwezi kujifunza kupigana bila mtu wa kupigana naye. Mwenzako anasogea, anadanganya, anarudi nyuma, anakuja pale usipomtarajia. Mkeka unaokatwa kwa kujipima upanga hauna hila. Na ukimwekea mwenzako makali ya kweli, mambo mawili yatatokea: ama mtaumizana, ama mtaogopana kiasi kwamba hakuna atakayepiga pigo la dhati, na hayo nayo si mazoezi ya kupigana.

Wachina walilijua hili zamani mno. Iko hadithi ya kale ya mfalme wa Zhao, moja ya dola za China ya kale, aliyependa panga kupita kiasi. Wapiganaji zaidi ya 3,000 walijazana langoni kwake, wakipambana mbele yake usiku na mchana, na kila mwaka zaidi ya mia moja walikufa au kujeruhiwa. Hadithi ile husimuliwa kama onyo, na mfalme anaishia kuaibishwa na mwenye hekima mmoja aliyemweleza kwamba wapiganaji wake hawana tofauti na majogoo wanaopiganishwa.

Tukio ninalolipenda zaidi ni la Cao Pi, aliyezaliwa mwaka 187 na baadaye kuwa mfalme wa kwanza wa dola ya Wei. Yeye mwenyewe aliandika habari zake. Alikuwa amejifunza upanga kwa walimu kadhaa tangu ujanani. Siku moja alikaa akinywa pombe na makamanda wake, mmoja wao akiitwa Deng Zhan, mtu aliyesifika kwa ujuzi wa silaha zote na hata kwa kuingia vitani mikono mitupu dhidi ya wenye silaha. Wakazungumza habari za panga, Cao Pi akamwambia kuwa anavyoeleza sivyo. Deng Zhan akataka wajaribu. Walikuwa wameshachangamka kwa kinywaji na mbele yao palikuwa na miwa ya kula. Wakachukua miwa, wakashuka ukumbini, wakapambana. Cao Pi akampiga mkononi mara tatu. Watu wakacheka. Deng Zhan hakuridhika, akaomba tena. Cao Pi akajifanya anavamia kwa pupa, Deng Zhan akajitosa mbele kumkabili, na Cao Pi akarudi nyuma hatua moja na kumgonga kwenye paji la uso.

Tazama mapigo yalipoangukia. Mkononi mara tatu, halafu usoni. Mkono ndio kiungo kinachotangulia mbele, kwa hiyo ndio shabaha ya kwanza ya mtu anayepigana kwa upanga kwa akili. Muwa haukuwa na makali, haukuwa na uzito wa upanga, haukuwa na kikingio cha mkono. Na bado ulitosha kuonyesha nani anajua umbali, nani anajua wakati, na nani anaweza kuvutwa na hila. Umbali, wakati na hila ndiyo mambo ambayo kifaa butu kinafundisha vizuri kuliko kikali, kwa kuwa kinaruhusu watu kupigana kwa nia, wakarudia mara nyingi, na jioni kila mmoja akarudi kwake na viungo vyake.

Utamaduni huo haukukatika. Taasisi Kuu ya Guoshu, jina lililotumika wakati ule kwa sanaa za mapigano za China, ilipoanzishwa Nanjing mwaka 1928, mmoja wa viongozi wake alikuwa Li Jinglin, jenerali aliyejulikana kwa mtindo wa upanga uitwao Wudang. Sifa yake ilitokana na kupambana na wenzake, si kuonyesha tu mitindo, yaani miondoko iliyopangwa, akiwa peke yake. Siku hizi wanaofanya mapambano ya panga za Kichina huvaa barakoa za wavu wa chuma, glavu nene na vizibao vya kukinga kifua, wakitumia mbao, plastiki ngumu au chuma butu chenye ncha inayopinda inapogusa mwili.

Na lile bati linalolia?

Upanga wa jukwaani umeonewa sana kwenye ubishi huu. Ni kweli hauwezi kukata wala kuzuia pigo. Lakini haukutengenezwa kudanganya mtu. Ulitengenezwa kwa kazi nyingine, na kazi hiyo ina heshima ya karne nyingi. Katika enzi ya Tang, kati ya mwaka 618 na 907, mchezo wa upanga wa Jenerali Pei Min ulihesabiwa miongoni mwa maajabu matatu ya zama zile, pamoja na mashairi ya Li Bai na mwandiko wa Zhang Xu. Mwaka 206 kabla ya Kristo, katika karamu ya Hongmen, Xiang Zhuang alisimama kucheza na upanga kuwaburudisha wageni, huku nia yake ikiwa kumuua Liu Bang, mwasisi mtarajiwa wa nasaba ya Han. Mtu mwingine aliyekuwapo, Xiang Bo, alisoma nia hiyo, akainuka naye na upanga wake, akacheza huku akimkinga Liu Bang kwa mwili wake. Katika karamu ile mchezo na mapigano vilitenganishwa na nia ya mtu tu, kwani upanga ulikuwa ule ule.

Baadaye vilitengana hata kwa chuma. Baada ya Chama cha Wushu cha China kuundwa mwaka 1958, mitindo ya silaha iligeuzwa kuwa mchezo wa mashindano unaotolewa alama na waamuzi, kama sarakasi ya jukwaani. Mchezaji anatakiwa aruke, azunguke hewani, atue, na upanga uonekane na usikike. Bamba jembamba lina faida hapo: likisimamishwa ghafla linatetemeka na kulia, na mwamuzi aliye mbali anaona kuwa nguvu imefika kwenye ncha. Wasomaji wetu wa Oman na Ghuba wanaufahamu upanga wa razha, ngoma ya panga ya Oman, unaotikiswa mpaka ukameremeta kwa mtetemo. Kazi ya bamba la wushu ni ya namna hiyo. Mashindano yenyewe yameweka mipaka: urefu hupimwa kwa mchezaji kushika upanga kinyume, mkono umening'inia, na ncha isiwe chini ya sikio lake, na kwa watu wazima upanga wa jian wa wanaume usiwe chini ya gramu 600, wa wanawake gramu 500.

Ninachokipinga ni pale mwalimu anapompa mwanafunzi bamba hili na kumwambia kwamba anajifunza kupigana. Bamba linalonesa linamzoesha kutikisa kifundo cha mkono ili litoe mlio, na kutikisa huko ndiko kunakoharibu mwelekeo wa makali niliokwisha kuueleza. Lawama hii nayo ni ya kale. Jenerali Qi Jiguang, aliyepambana na maharamia wa pwani ya China katika karne ya 16, aliandika mafunzo kwa ajili ya askari wake na akalaumu vikali mitindo ya maua, yenye kupendeza macho na isiyofaa vitani. Hakuwa na ugomvi na uzuri. Alikuwa na wakulima waliohitaji kurudi nyumbani wakiwa hai.

Kukata

Zoezi linalofanywa na upanga mkali siku hizi, nje ya kurudia mitindo, ni kukata. Kinachokatwa huwa ni mkeka wa majani uliokunjwa kuwa mrija na kulowekwa majini usiku kucha, au mwanzi mbichi, au hata chupa ya plastiki iliyojaa maji. Mkeka huchomekwa wima kwenye kigingi. Mkataji anasimama mahali ambapo theluthi ya mbele ya upanga ndiyo itakayofika, kila mtu mwingine yuko nyuma yake, mbali.

Pigo zuri halina kishindo. Kipande cha juu kinabaki kimekaa mahali pake kwa muda mfupi kabla hakijateleza, na ukitazama uso wa mkato unauona ni bapa, majani yote yamekatika kwa mstari mmoja. Pigo baya linaandika makosa yake yote hapo hapo. Mkato uliojipinda kama kijiko unasema kifundo cha mkono kiligeuka katikati ya safari. Majani yaliyovutika upande wa kutokea yanasema upanga ulipoteza mwendo kabla ya kumaliza. Mkeka uliolala bila kukatika unasema makali hayakuwa mbele kabisa. Mwanafunzi wa miaka mingi anaweza kuyasoma haya dakika tano tu baada ya kushika upanga mkali kwa mara ya kwanza, na wengi huondoka hapo wakarudi kwenye mitindo yao ya kila siku kwa macho mapya. Ndiyo maana nasema wazi kwamba anayejifunza upanga kwa dhati na hajawahi hata siku moja kukata kitu chini ya uangalizi wa mjuzi, amekosa sehemu ya somo lake.

Lakini hapa nawaonya wale wanaopenda kukata kuliko kitu kingine chochote. Mkeka haujawahi kumrudishia mtu pigo. Mtu anaweza kukata mikeka mizuri siku nzima kwa kujivuta nyuma kama anayepasua kuni, akiacha kifua wazi, na hakuna wa kumwonyesha hatari yake. Akikutana na Cao Pi na muwa wake atapigwa mkononi mara tatu.

Maneno ya mtaani yanayohitaji kusahihishwa

"Butu haliumizi." Hili ni la hatari kuliko yote. Chuma chenye uzito wa karibu kilo moja, kikizunguka kwa kasi, kinavunja mfupa wa kidole au kifundo cha mkono bila kuhitaji makali. Na katika kuchoma, tofauti ya butu na kali hupungua sana: nguvu yote imekusanyika kwenye eneo dogo kama ukucha, na ncha nyembamba ya chuma hupenya kwenye jicho au koo hata kama haijanolewa. Hata mbao hutoboa jicho. Wanaopigana na panga butu bila barakoa wanacheza na kitu ambacho hawakijui.

"Upanga bora ni ule unaonyoa nywele za mkono." Wembe hunyoa nywele lakini hauwezi kukata mwanzi, maana ukingo wake ni mwembamba mno na utapinda au kumeguka. Makali ya upanga yanatakiwa yawe na nyama kidogo nyuma yake ili yastahimili kugonga mfupa, ngozi ngumu au silaha nyingine. Mafundi wa zamani walilitatua hili ndani ya chuma chenyewe: walibana bamba la chuma kigumu katikati ya mabamba mawili laini, wakayafua pamoja, ili kigumu kishike makali na laini lizuie upanga usikatike. Mji wa Longquan katika jimbo la Zhejiang umesifika kwa kazi hii kwa karne nyingi, na ufuaji wake wa panga uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa taifa la China mwaka 2006. Kuhusu ukali wa kale, watu hupenda kutaja upanga wa shaba nyeusi wa Goujian, mfalme wa dola ya kale ya Yue, uliofukuliwa mkoani Hubei mwaka 1965 ukiwa bado na makali baada ya zaidi ya miaka 2,000 kaburini. Ni kazi ya ajabu kweli, lakini una urefu wa sentimita 56 tu na ni wa zama nyingine kabisa za vita. Hauwezi kutumiwa kupimia panga za chuma zilizokuja karne nyingi baadaye.

"Upanga wa taichi lazima unese." Sivyo ilivyokuwa zamani. Panga za zamani walizotumia waalimu wa taichi zilikuwa na chuma kigumu kinachorudi mahali pake kikipindishwa kidogo. Bamba linalojikunja kama ukanda ni la kukunjwa mkobani na kubebwa kwenda bustanini, na kwa mzee anayefanya mazoezi ya viungo linafaa kabisa. Lisiitwe la asili, basi.

"Bingwa hutumia mkali, mwanafunzi hutumia butu." Huku ni kugeuza vifaa kuwa vyeo. Mwalimu mwenye uzoefu wa miaka arobaini bado hushika mbao anapopambana na wanafunzi wake, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kupewa mkali akate mkeka mmoja huku mwalimu amesimama karibu. Kinachoamua ni zoezi la siku ile. Kama yupo mtu mbele yako ndani ya umbali wa kufikiwa, silaha ni butu na vikinga vinavaliwa, hata mwe mabingwa wa namna gani. Kama mko peke yenu na mkeka, mkali una kazi. Kwa mitindo ya peke yako, butu unaolingana uzito na ule mkali unatosha siku nyingi za mwaka, na mkali utolewe alani mara chache, mtu akiwa hajachoka, kwa mwendo wa polepole.

Limebaki moja la wale wenye upanga umetundikwa ukutani sebuleni, ulioletwa kama zawadi kutoka China au kununuliwa mtandaoni, na wanaofikiria kuunoa. China yenyewe inadhibiti silaha zilizofunguliwa makali, kwa hiyo panga nyingi zinazouzwa kwa mazoezi na mapambo hutoka kiwandani zikiwa butu. Usichukue tupa. Kama ni chuma kisichoshika kutu, kinachong'aa kama kijiko, kwa urefu ule huwa ni rahisi kukatika kinapogonga kitu, na kipande kinachoruka hakichagui pa kwenda. Tazama pia msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Katika panga za mapambo mara nyingi ni ufito mwembamba uliochomelewa, na ndipo zinapokatikia. Upanga mzima ukaruka mbele huku mpini umebaki mkononi. Hata kama chuma ni kizuri cha springi, ukingo uliotengenezwa mnene kwa mazoezi ukinolewa utatoa makali mafupi kama ya patasi, yanayokwama kwenye mkeka badala ya kupita, na utakuwa umeharibu upanga mzuri wa mazoezi bila kupata mkali. Anayetaka kukata atafute upanga uliofuliwa tangu mwanzo kwa ajili ya makali, aulize sheria za nchi yake kabla ya kuagiza, na aanze mbele ya mwalimu ambaye amewahi kukata.